"Subiri Kwanza" ni Ushauri wa Mwenye Gari

Kuna ushauri unaotolewa bure kila kona ya nchi hii, na una maneno mawili tu: subiri kwanza. Sema mbele za watu kwamba unafikiria kununua gari la umeme, uone. Subiri kwanza teknolojia ikomae. Subiri bei zishuke. Subiri vituo vya kuchaji vijengwe, mafundi wajifunze, umeme utulie, wenzako wajaribu halafu uone yatakayowakuta. Nimeusikia kwenye semina, kwenye makundi ya WhatsApp, na mara moja kwenye kiti cha mbele cha gari la mhadhiri aliyenipa lifti kutoka chuoni. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni dakika arobaini, injini inanguruma palepale, kiyoyozi kinapuliza, mshale wa mafuta unashuka. Aliusema kwa utulivu mkubwa. Angekosaje utulivu? Alikuwa amekaa.

Hoja yangu ni kwamba ushauri huu ni hesabu iliyoachwa nusu. Anayeutoa huhesabu hasara ya kununua mapema, kisha anafunga daftari. Hasara ya kusubiri haihesabu kwa sababu halipi yeye. Ni ushauri wa mtu ambaye tayari ana gari linalowaka asubuhi, na kwake mwaka mmoja zaidi ni mwaka tu. Kwa asiye na gari kusubiri kuna bei, na bei hiyo hutolewa kila siku: pampuni, kituoni, au kwenye nauli ya bajaji usiku.

Mimi mwenyewe sina gari. Nasema mapema ili usinitafute barabarani. Lakini nasoma shahada ya uzamili ya nishati, na kwa ukoo wetu hiyo imetosha kunifanya fundi wa kila kitu chenye waya. Nimeshaulizwa kuhusu jokofu, kuhusu paneli za sola, hata kuhusu king'amuzi kilichogoma siku ya mechi. Mwaka huu mjomba wangu amestaafu ualimu. Kikokotoo kilipomaliza kazi yake, alichobaki nacho ni fedha ambayo ikikosewa mara moja hairudi. Anataka kufungua duka la vifaa vya shule Mwenge. Anakaa Goba, nyumba yake mwenyewe, yenye uzio na banda la gari alilolijenga miaka mingi kabla ya gari lenyewe. Wenzake wa kijiweni wameshampa hukumu: "Mwalimu, chukua IST, hayo ya umeme subiri kwanza." Akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, na hata hakuuliza habari za masomo. "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesomea mambo haya. Ninunue sasa au nisubiri?"

Kabla ya kumjibu ilibidi tuelewane kuhusu neno "jipya". Makala nyingi za Ulaya na Marekani kuhusu wakati mzuri wa kununua gari jipya la umeme zinamzungumzia mtu anayeingia dukani na kutoka na gari linalonukia plastiki. Kwetu gari jipya ni gari lililoshuka melini. Umri wake unaanza siku linapofungwa namba, ndiyo maana mtu anaringia "namba E" kwenye IST iliyotoka kiwandani 2005. Na hapo kuna jambo ambalo watu wa subiri-kwanza hawaligusi kabisa: tarehe yetu ya kununua imeshaamuliwa kwa sehemu kubwa na mtu wa Nagoya au Osaka ambaye hatutamwona maishani. Yeye ndiye anayejiuliza kama wakati wa gari jipya la umeme umefika. Akisema ndiyo, gari lake la zamani linapanda meli. Nissan Leaf ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 2010, na kila aliyeinunua miaka ile alikuwa, bila kujua, ananunua gari la mtu fulani wa Tabata. Aliyeambiwa "subiri kwanza" akasubiri, alituletea IST nyingine.

Sasa hesabu, maana mjomba ni mwalimu wa hisabati na hapokei maneno matupu.

Luku ya shilingi 10,000, kwa bei ya kawaida ya nyumbani, inatoa uniti 28 na nukta kidogo. Gari dogo la umeme kama Leaf linakula takribani uniti 16 kwa kilomita 100. Toa asilimia 10 inayopotea kwenye kuchaji, bado shilingi 10,000 inakupeleka zaidi ya kilomita 150. Upande wa pili, petroli. Bei inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hupanda na kushuka. Septemba 2023 ilifika shilingi 3,213 kwa lita hapa Dar es Salaam. Chukua 2,900 ili asilalamike mtu. Shilingi 10,000 inakuwa lita tatu na nusu kasoro. IST iliyotunzwa, kwenye foleni zetu, tuipe kilomita 12 kwa lita. Umefika kilomita 41, na kama ni siku ya mvua ukiwa Jangwani, hujafika.

Mjomba atatembea kama kilomita 40 kwa siku, kwenda na kurudi pamoja na kuzungukia mizigo, siku 25 za mwezi. Hizo ni kilomita 1,000. Kwa petroli ni shilingi 240,000 hivi. Kwa umeme, na upotevu wake wote, ni kama 63,000. Tofauti ni zaidi ya 175,000 kila mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na sijagusa oili, plagi, filta, wala ile safari ya Gerezani kutafuta kipuri ambacho fundi amesema "ni kidogo tu". Kumwambia mwalimu mstaafu achukue IST na asubiri miaka mitatu ni kumwambia atoe zaidi ya milioni sita kwa ajili ya utulivu wa roho ya mtu mwingine.

"Lakini bei zinashuka!" Ni kweli, na namheshimu anayeleta hoja hii kwa sababu angalau ameleta namba. BloombergNEF, wanaofuatilia bei za betri kila mwaka, wanaonyesha kwamba pakiti ya betri iligharimu wastani wa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010, na dola 115 mwaka 2024. Mteremko huo kila mwanafunzi wa nishati ameuchora kwenye kazi yake walau mara moja. Lakini utazame vizuri. Sehemu kubwa ya kushuka imeshapita. Aliyesubiri kutoka elfu hadi mia na kumi na tano alifanya la maana. Anayesubiri sasa anasubiri kilichobaki. Betri ya kilowati-saa 40 kwa bei hiyo ni dola 4,600. Ikishuka asilimia 20 nyingine kwa mwaka, umeokoa dola 920, kama shilingi milioni mbili na nusu hivi, kwa sharti kwamba kila senti ya punguzo ipite kiwandani, kwa muuzaji, melini na forodhani bila mtu kuichomolea njiani. Wewe umewahi kuona punguzo la namna hiyo likifika Kariakoo zima? Wakati huohuo IST imeshakula milioni mbili zake, na hizo zimekwenda kwa uhakika.

Wapo wanaosema magari mapya ya Kichina yatamaliza mjadala. Yanaweza. BYD iliingiza sokoni gari dogo la Seagull nchini China mwaka 2023 kwa yuan 73,800, bei iliyowatoa jasho watengenezaji wa Ulaya. Ukishaongeza meli, ushuru wa forodha na VAT, linakuwa gari la mtu mwingine. Siku likifika kwa bei ya mwalimu nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele, lakini siwezi kumjengea mtu wa miaka sitini mpango wa maisha juu ya "siku likifika".

Hadi hapa nimewasema wanaosubiri. Wauzaji nao wasikae wakicheka, maana kuna wimbi jipya la vijana wa mtandaoni wenye sauti nzito na video fupi, wanaokwambia Leaf ni "mchongo", ununue leo, kesho bei inapanda. Hawa ni hatari zaidi. Wa kwanza anakupotezea milioni sita polepole; wa pili anaweza kukupotezea kiinua mgongo chote mchana mmoja.

Betri ya Leaf hizi za mtumba haina mfumo wa kupozwa kwa maji, tofauti na magari mengi ya umeme yaliyokuja baadaye. Inategemea hewa tu. Kwenye baridi ya Japani hiyo si taabu. Lakini mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, mji wa jangwani kule Arizona, walianza kulalamika kwamba magari yenye mwaka mmoja na ushee yalikuwa yanapoteza uwezo, na baadaye Nissan ikalazimika kuweka dhamana ya uwezo wa betri kwa wateja wa Marekani. Joto la Dar es Salaam halifikii la Phoenix. Ila Phoenix wana miezi ya kupoa. Sisi tuna joto na joto lenye mvua.

Pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijiti 12 vidogo, na hivyo ndivyo vyeti vya afya yake. Kijiti cha kwanza kinaanguka betri ikipoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo. Gari lenye vijiti vinane limebakiwa na kama theluthi mbili. Kwa Leaf ya zamani yenye betri ya kilowati-saa 24 hiyo ina maana kilomita 100 siku njema, chini ya hapo ukiwasha kiyoyozi na kupakia madaftari. Na vijiti navyo vinaongopewa: wapo wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili virudi kwa muda, gari liuzwe, kisha vianguke kimoja kimoja likiwa kwako. Dawa ipo na ni rahisi. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na apu ya LeafSpy kwenye simu vitakusomea betri seli kwa seli. Sasa fungua tangazo lolote la gari la umeme la mtumba. Utakuta picha ishirini: taa, viti, tairi, buti, hata kapeti. Usomaji wa betri haupo. Ni sawa na kuuziwa ng'ombe ukiwa umeonyeshwa pembe.

Nilimwandikia mjomba ujumbe wa mistari miwili awatumie wauzaji: naomba picha ya usomaji wa betri, na mwaka wa betri kama iliwahi kubadilishwa. Akautuma kwa wauzaji wanne. Wawili hawakujibu mpaka leo. Mmoja akajibu, "Betri nzuri sana bosi, usiwe na wasiwasi." Mmoja tu ndiye aliyetuma picha: gari la 2018, betri ya kilowati-saa 40, uwezo umebaki asilimia 84. Mjomba aliitazama picha ile kama anavyotazama karatasi ya mtihani. Akasema huyu ameonyesha njia, ana maksi zake.

Na serikali ipo wapi kwenye hili? Ipo, lakini imeshika rula isiyo yake. Gari la mtumba lililozidi miaka kumi linabebeshwa ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu. Kenya wao wanakataa kabisa gari lililozidi miaka minane. Kwa gari la petroli hiyo ina mantiki, injini ikizeeka inatoa moshi na inakunywa. Kwa gari la umeme, miaka peke yake haisemi kitu. Leaf ya miaka kumi na miwili iliyobadilishiwa betri inatozwa kama mgonjwa mahututi. Ya miaka sita iliyochoshwa kwenye teksi na kuchajiwa kwa kasi kila mchana inapita bandarini kama bibi harusi. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari la umeme inayoingia soko lao iwe na pasi ya kidijitali inayobeba taarifa zake. Sisi hatuhitaji kutunga kitu kipya. Kifaa cha kusomea betri kinatosha mfukoni mwa mkaguzi. Cheti cha afya ya betri kiwe sharti la kuingiza gari la umeme, ushuru wa uchakavu ufuate cheti hicho badala ya mwaka, na yule muuzaji wa "usiwe na wasiwasi bosi" atafute biashara nyingine.

Nirudi kwenye kusubiri, maana kuna waliokwishaacha kusubiri na hawakutuaga. Ni waendesha pikipiki. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni hana anasa ya kusema "teknolojia ikomae". Anajua kwa shilingi kamili petroli ya leo imemlia kiasi gani. Kigali na Nairobi wanaendesha pikipiki za umeme ambazo betri yake si mali yao. Ikiisha wanaingia kituoni, wanaacha tupu, wanachukua iliyojaa, wanaondoka kabla chai haijapoa. Mabasi ya BasiGo yaliyoanza Nairobi mwaka 2022 nayo yalikuja na mpango wa aina hiyo: mwenye basi ananunua basi, betri anailipia kwa kilomita anazotembea. Umeona walichofanya? Wameichukua ile hofu inayotufanya tusubiri, hofu ya betri kufa, wakaiweka kwenye mabega ya kampuni yenye uwezo wa kuibeba. Kwenye magari madogo hofu hiyohiyo tumemwachia mwalimu mstaafu aibebe peke yake, kisha tunamcheka kwa kusitasita.

Na kuna nchi ambazo hazikumwachia raia swali la "lini" hata kidogo. Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, ya kwanza duniani kufika hapo. Sababu haikuwa mapenzi kwa mazingira pekee. Nchi ilikuwa imechoka kutafuta dola za mafuta huku ina maji ya mito yanayoweza kuzalisha umeme. Rwanda imekwenda kwa hatua ndogo zaidi: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kubeba abiria Kigali. Sisemi tuige Addis Ababa kesho. Kupiga marufuku kabla soketi na mafundi hawajaenea ni kumhamishia mnyonge mzigo kwa njia nyingine, na wenye magari wa kule wamelalamikia vipuri na vituo vya kuchaji tangu mwanzo. Lakini angalau walikubali kwamba wakati wa kununua gari la umeme ni uamuzi wa nchi kabla haujawa uamuzi wa mtu.

"Na umeme ukikatika?" Swali hili huulizwa kwa tabasamu, kama karata ya mwisho. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilianguka na nchi ikawa giza, kweli. Mwaka huohuo Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lilianza kuingiza umeme, mashine tisa za megawati 235 kila moja, na tukafika mahali TANESCO ikazima baadhi ya mitambo kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Mwaka 2025 tena tukasikia mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa kuusafirisha kutoka kusini kunapoteza mwingi njiani. Kwa hiyo tatizo ni nyaya, na linajulikana. Sasa jiulize: gari lililochajiwa usiku, umeme ukikatika asubuhi, limepungukiwa nini? Limejaa. Pampu ya petroli ndiyo inayohitaji umeme saa hiyohiyo ili ikuuzie mafuta. Na mwaka 2023 tulipopanga foleni vituoni kwa sababu mafuta yameadimika, sikumbuki mtu aliyesema tusubiri kwanza petroli ikomae.

Kuhusu mazingira nitasema kidogo, maana mjomba hakuniuliza. Kutengeneza betri kunachafua, na gari jipya la umeme huanza maisha likiwa na deni kubwa la hewa ukaa kuliko la petroli, kisha hulilipa barabarani. Gari la mtumba lenye miaka saba limeshalipa sehemu ya deni hilo Japani. Linakuja kwetu kuendeshwa kwa maji ya Rufiji na gesi ya Mtwara. Kinachonikera ni watu wanaotuambia tusubiri wakubwa wamalize kutengeneza teknolojia, kana kwamba sisi tumekaa jukwaani tunatazama. Kinywe cha Ruangwa na Mahenge, nikeli iliyolala Kabanga kule Ngara, kobalti ya Kolwezi iliyofanya Kongo itoe takribani asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia: vitu hivi haviwasubiri watu. Vingine vimeshaanza kuchimbwa na kusafirishwa, na vitarudi bandarini baada ya miaka kumi vikiwa ndani ya betri iliyobakiwa na vijiti vinane.

Basi nilimjibu mjomba hivi. Nunua sasa, lakini nunua lile lenye picha ya betri. Usichukue la kilowati-saa 24 hata wakikupa na kapeti. Mlete fundi umeme mwenye leseni avute waya wake peke yake kutoka kwenye mita hadi bandani, na soketi nzito, usichaji gari kwa waya wa kuunganisha uliokaa chini ya mlango. Chaji usiku, ishia asilimia 80 siku za kawaida, egesha kivulini. Siku betri ikishindwa safari ya Mwenge, miaka kadhaa ijayo, bado itakuwa na nguvu ya kuwasha duka usiku kucha, kwa hiyo usimwuzie mtu wa vyuma chakavu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na wewe utanunua lini?"

Hilo lina jibu tofauti, na hapa ndipo ninapowageukia wenzangu, wenye digrii na vyumba vya kupanga. Tunabishana usiku kucha kuhusu betri za kizazi kijacho, zitakazojaa kwa dakika tano na kwenda kilomita elfu. Nimeusoma utafiti wake, ni mzuri. Lakini mimi nakaa Sinza, nyumba yenye wapangaji sita na Luku moja. Tuna kundi la WhatsApp la kuchangia umeme ambalo lina uhasama kuliko kundi lolote la siasa nililowahi kuwamo. Pasi ikiwaka zaidi ya nusu saa inaitishwa kikao. Kuna dada alihama kwa sababu ya jiko la umeme. Hebu fikiria niegeshe nje gari linalotaka uniti 20 kwa usiku mmoja. Egesho lenyewe halipo. Tuna kamba za kuanikia nguo na tanki la maji. Betri ya dakika tano haitaongeza soketi kwenye ukuta ule. Teknolojia inaweza kukomaa hadi ikaota mvi, na mimi nitakuwa bado sina pa kuchomeka.

Kwa hiyo ukimwuliza kijana wa mjini anunue gari la umeme lini, mwulize kwanza anakaa wapi na mita ni ya nani. Mwenye uzio na mita yake, ambaye safari yake ya siku haizidi nusu ya uwezo wa betri, ameshachelewa. Mpangaji hana cha kusubiri kutoka Japani wala China. Anachosubiri kiko halmashauri, kwenye vibali vya ujenzi vinavyopitisha nyumba za wapangaji kumi bila mita ndogo hata moja, na kiko kwenye maegesho ya umma, ambako ushuru wa kuegesha unakusanywa kwa bidii kubwa na hakuna nguzo hata moja ya kuchajia. Tunapeleka maswali yetu kwa wahandisi wa betri. Tuyapeleke kwa diwani.

Mwezi uliopita nilimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufunga mita yangu ndogo, kwa gharama yangu, na soketi moja nje karibu na geti. Nilimweleza vizuri, nikamchorea hadi mchoro. Akaniuliza kama nina gari. Nikasema bado. Akasema basi hakuna haraka, ukishanunua tutaongea.